Nilivyommezea Cucu Dawa

Chipsi zilizomiminiwa siki mimi sili. Watu wa nyumbani kwangu hapa Skuta, mjini Nyeri, wameshazoea, na wageni huwa nawaacha wacheke. Siki yenyewe haijanikosea chochote. Ila ile harufu ikinipiga puani, kabla sijajizuia, naanza kutafuta ya pili inayokwenda nayo, harufu ya tumbaku ya kunusa, na nikiikosa nabaki kama mtu aliyebisha hodi akakuta nyumba haina watu. Harufu hizo mbili zikikaa pamoja ndiye Cucu wangu, mama yake baba.

Wiki iliyopita zilikaribia kukutana. Tulikuwa kwenye chama chetu cha akina mama, na sote tumeshafika ule umri ambao mtu akitaka kuinuka kitini anatangaza kwanza. Goti langu la kushoto limenisumbua tangu baridi ianze. Nikalalamika kidogo tu, wala sikuwa naomba kitu, na Mama Kiragu, rafiki yangu tangu shule, akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akaniwekea tembe mbili kiganjani.

"Meza hizi," akasema. "Mimi ndizo zimenitoa kitandani. Usiulize ni za nini, wewe meza tu."

Zilikuwa tembe kuukuu, zimeanza kubomoka kando, na zilinuka siki. Mjukuu wangu wa miaka mitano, ambaye huja kukaa nami shule zikifungwa, alikuwa ameegemea paja langu. Akanyoosha shingo, akazitazama, akauliza, "Cucu, hizo ni zako ama ni zetu?"

Nikafunga kiganja. Wenzangu waliendelea na chai yao, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa nimerudi juu, kwenye vilima vya Othaya, na nilikuwa darasa la kwanza.

Sisi tuliozaliwa bendera ikiwa bado mpya tunajua majina yalivyogawiwa kwetu, na hata leo mambo hayajabadilika sana. Msichana wa kwanza ni wa mama yake baba. Hakuna kikao wala mashauri. Cucu alikuwa Nyawira, kwa hiyo mimi nilikuwa Nyawira kabla sijafumbua macho. Baba aliniita "mama", na hakuwa anacheza. Mama mzazi ndiye aliyekuwa na taabu, maana kila akishika fimbo alikumbuka anayechapwa ni mama mkwe wake, na kama hakukumbuka, Cucu alimkumbusha kwa kelele kutoka mlangoni kwake: "Woi! Leo nimekosa nini tena?" Fimbo ilirudi juu ya dari.

Cucu alilichukua jambo hilo la jina kwa uzito, au kwa mzaha, mpaka leo sijajua mpaka ulikuwa wapi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa na kurefushwa za kizamani, ambazo alizikunja juu ya masikio akienda shambani ili matawi ya kahawa yasizinase. "Mimi na wewe ni mtu mmoja," alikuwa akiniambia, "ila mmoja wetu amebakishiwa meno." Akichemsha nduma alinikatia kipande kikubwa kuliko chake. "Kula. Ukishiba wewe, nimeshiba mimi." Nami nilikula kwa bidii, nikijua nalisha watu wawili.

Kisha wakaja watu wa chanjo. Walisimamisha gari lao sokoni, wazee kwa watoto wakapangwa foleni. Cucu hakuipenda sindano, hata ile ya kushonea. Karani alipoita, "Nyawira!" Cucu alinisukuma mbele. Nikachanjwa, nikalia. Karani akamgeukia yeye.

"Na wewe, mama?"

"Nyawira ameshachanjwa," Cucu akajibu, akauinua mkono wangu juu watu wauone.

Foleni nzima ikaangua kicheko, karani naye akacheka, akatupisha. Tukiwa njiani kurudi Cucu aliutazama mkono wangu uliovimba, akanipa pole, akasema hata wake umeanza kumuuma. Niliamini. Na kwa nini nisiamini? Watu wazima wengi vile walikuwa wamesimama pale na hakuna hata mmoja aliyesema si kweli.

Baridi ya mwezi wa saba mwaka huo ilikuwa mbaya. Ukungu ulilala juu ya majani chai mpaka saa tano, na Mlima Kenya hatukuuona kwa wiki nyingi, mpaka mimi na wenzangu tukabishana kama bado uko. Baridi ikaingia kwenye magoti ya Cucu, ikakataa kutoka. Akaanza kwenda dukani kwa Baba Wachira.

Mnalikumbuka duka la namna ile. Sukari, mafuta taa, misumari, sabuni ya kukatwa vipande, na juu ya rafu, karibu na viberiti, dawa ya kichwa. Tuliiita hivyo, lakini kichwa kilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi zake. Ilimezwa kwa jino, kwa mgongo, kwa homa, kwa huzuni. Kuku akizubaa alisagiwa kwenye maji. Baba Wachira alikuwa mtu mwema, na hakumuuliza mtu swali, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kuna swali la kuuliza. Cucu alimpelekea mayai, akarudi na tembe zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akazihamishia kwenye ncha ya leso yake, ndani ya fundo lile lile lenye tumbaku. "Vitu vya kumfurahisha mzee vikae pamoja," alisema. Humo ndani, kwa joto na jasho, zikaanza kunuka. Neno siki sikulijua bado. Nilidhani ndivyo uzee unavyonuka, na kwa kweli niliupenda.

Alimeza alfajiri, kwa chai ya rangi iliyokolea, bila kula kitu. Mama alimwekea viazi, akavisukuma kando. "Chakula kinaizuia dawa kushuka magotini," alimweleza, na ukilifikiria hilo ukiwa na miaka saba unaona lina akili. Mwanzo ilikuwa asubuhi na jioni. Baadaye na mchana. Baadaye kila alipotaka kuinuka. Goti likiuma alimeza, na likinyamaza alimeza lisije likaamka.

"Mama, twende hospitali wakuangalie," mama yangu alimsihi.

"Huko mtu anaingia na miguu yake na anatoka amebebwa," Cucu akajibu. "Hii dawa inanitosha. Si hata imeandikwa?"

Ilikuwa imeandikwa kweli. Hakuna aliyeisoma.

Halafu wakaja nyuki. Tulikuwa tumeketi mlangoni, Cucu akainamisha kichwa upande mmoja, akaniuliza, "Unawasikia?" Mimi sikusikia kitu. "Nyuki," akasema. "Wanazunguka mti." Kesho yake walikuwa wamehamia ndani ya nyumba, na keshokutwa ndani ya masikio. Sasa, jirani yetu mzee Wahome alikuwa na mizinga kwenye miti ya mpakani, na Cucu alikuwa na neno naye tangu zamani kuhusu mpaka huo. Akasimama kwenye ua.

"Wahome! Toa nyuki wako kwa masikio yangu!"

"Nyawira," mzee akajibu kutoka ng'ambo, "kwa baridi hii ni nyuki gani ataruka? Wamejikunja ndani kama mimi!"

"Basi wamejikunja ndani yangu!"

Nilimwangalia masikioni, kwenye mwanga wa mlangoni, sikio hili na lile, hata nikachungulia na nyuma ya zile ndewe. Sikuona hata bawa. Nikamwambia labda wako ndani sana, akakubaliana nami.

Baada ya hapo alianza kupungua. Sina neno jingine. Midomo yake ilipoteza rangi. Akienda chooni alishika ukuta, na kabla ya kufika alisimama mara mbili kupumzika, yeye aliyekuwa akinitangulia mlimani na gunia mgongoni. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya nyumba akitapika kitu cheusi. Akakifukia kwa mguu. "Usimwambie mtu," akasema. Sikusema. Siri ya Nyawira ni ya Nyawira. Wenye Kiswahili chao husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi methali hiyo nilikuja kufundishwa darasa la sita, nimeshachelewa.

Jumamosi Baba alikuja kutoka Nyeri mjini, alikofanya kazi. Nilikuwa nakata nyasi za mbuzi nyuma ya jiko nikamsikia Mama akimwambia, "Mama yako anakwisha." Baba akasema Jumamosi ijayo atampeleka hospitali, atake asitake. Nikaketi pale kwenye nyasi. Kama mimi na Cucu ni mtu mmoja, na huyo mtu anakwisha, mimi nitabaki na nini? Nilivua sweta nikaitazama mikono yangu, nikaibana huku na huku kuona kama imeanza kukwisha. Niliogopa sana, niseme ukweli. Niliogopa kwa ajili yake na niliogopa kwa ajili yangu, na sikuweza kuzitenganisha hofu hizo mbili.

Ilikuwa Jumatano, shule zimefungwa. Mama alikwenda kuchuma majani mapema, mimi nikaachwa nimwangalie Cucu. Akafungua fundo, akameza, akanywa chai juu yake. Haikukaa. Ilirudi yote, na ile nyeusi pamoja nayo. Akajaribu tena, ikarudi tena. Akaegemea ukuta, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Imenikataa," akasema. "Ningepata mtu wa kunimezea."

Akafumba macho.

Aliongea tu, jinsi mtu anavyosema angepata mbawa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale nikimsikiliza, Nyawira mwenye tumbo zima, niliyekula nduma yake yeye akashiba, niliyechanjwa yeye akapona. Nilishangaa hata kwa nini hatukuifikiria mapema. Nikavuta ncha ya leso taratibu asiamke, nikafungua fundo kwa meno, nikazimeza zote zilizokuwemo, moja moja, kwa chai yake iliyopoa. Zilikuwa chungu, zimejaa tumbaku, nikapiga chafya mpaka mbuzi akanijibu huko nje. Nikalifunga fundo tena vizuri. Kisha nikakaa miguuni pake kumngoja apone.

Tumbo lilianza kuniwaka. Nikavumilia, kwa kuwa niliona ndiyo kazi yenyewe. Pumzi ikaanza kwenda mbio ingawa nimeketi. Halafu, jua likiwa limeanza kuukata ukungu, nikawasikia. Mwanzo walikuwa mbali, kama wako kwa mzee Wahome, halafu karibu, halafu ndani. Walivuma! Masikio yote mawili! Haki ya Mungu, sijui kama nimewahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu. Nikamtikisa.

"Cucu! Cucu, amka! Nyuki wako wamehamia kwangu. Sasa utapona."

Akafumbua macho. Akanitazama, akasikiliza jinsi ninavyohema, na mkono wake ukaenda kwenye ncha ya leso. Ukalibana lile fundo. Lilikuwa jembamba.

"Nyawira, umefanya nini?"

"Nimekumezea."

Uso ule sitausahau. Aliinuka. Yule mtu aliyekwenda chooni kwa kushika ukuta alinitupa mgongoni, akanifunga kwa leso, akatoka nami mlangoni akiyakanyagia magoti yale kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Wahome! Wahome-i! Mtoto ananifia!" Mzee Wahome akaruka ua wake mwenyewe, ule ule wa kugombaniwa, akanichukua, na Cucu akamfuata nyuma akimhimiza aongeze mwendo. Pale kwenye kituo cha majani chai lori lilikuwa limejaa, tayari kuondoka. Mama alitupa kikapu chini. Dereva hakuuliza. Tukapanda mbele, mimi nimelala juu ya Cucu, Mama juu ya majani, na nakumbuka ule ubichi wa majani ukinuka, na Cucu akiniongelesha bila kukoma nisilale, akinitajia majina ya mbuzi wote aliowahi kufuga.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja aliyetoka pwani, tuliyemwita Sista Mwanasha, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha kubembeleza ambacho sisi wa bara tulikisikiliza kama redio. Mkono wake haukuwa wa kubembeleza. Walinipitishia mpira, nikatapika, nikatapika tena, nikadhani sasa nitatapika na jina. Wakaniwekea maji ya dripu mkononi. Nilipotulia kidogo akaniinamia.

"Sasa, mwanangu, unasikia nini?"

"Nyuki."

"Nyuki?"

"Nyuki wa Cucu. Wametoka kwake wamekuja kwangu, ndio apone."

Kalamu yake ikasimama. "Cucu ndiye nani? Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, ameshikilia leso mdomoni, midomo ina rangi ya jivu. Hakuna aliyekuwa amemtazama. Wote tulikuwa tumeingia pale na mgonjwa mmoja. Sista akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, hao nyuki wamekuingia tangu lini?"

"Wewe angalia mtoto," Cucu akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi niko mzima."

Sista akamvuta ukope wa chini, akaona alichokiona. "Umetapika?"

Cucu akanitazama. Nami nikaangalia blanketi, na siri ikanishinda. "Tangu wiki iliyopita," nikasema. "Nyuma ya nyumba. Nyeusi."

"Nyeusi kama machicha ya kahawa?"

"Hiyo siwezi kujua," Cucu akajibu kwa heshima. "Kahawa mimi napanda tu. Kukunywa ni ya Wazungu."

Sista alicheka, hakuweza kujizuia, lakini mkono wake ulikuwa umeshamshika Cucu kwenye mshipa na unahesabu. Akaomba kadi nyingine. "Jina?"

"Nyawira."

"Si la mtoto, bibi. Lako."

"Nyawira."

"Ala! Kumbe huyu ni somo yako," akasema. Mimi somo nililolijua lilikuwa la hesabu na la kusoma. Nikadhani tunaulizwa habari za shule.

Hapo Cucu akaona mlango wa kutokea. Akasimama, akanijia, akauinua mkono wangu wenye dripu juu, vile vile kama sokoni. "Sasa si umeona?" akasema. "Nyawira ameshatibiwa."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amefunika uso. Cucu aliendelea kuushikilia mkono wangu juu, na niliona, kwa mara ya kwanza, kwamba anaogopa. Sista akamshika mabega akamrudisha kwenye benchi polepole.

"Bibi yangu, nisikilize," akasema. "Jina mnaweza kugawana, hata nguo mkagawana. Lakini kila Nyawira ana tumbo lake. Lako linatoka damu. Ni zile tembe zimelichimba, wewe ukizimwagia juu ya njaa kila siku. Na hao si nyuki. Ni dawa, imekujaa mpaka imefika masikioni. Huyu mtoto angekuwa hajaja na nyuki wake, mimi ningekuacha hapo mlangoni na wewe ungeniaga ukaenda kufia nyumbani."

Cucu akanigeukia. Kisha akauliza swali ambalo Mama alilisimulia maisha yake yote: "Mtoto atapona?"

"Atapona."

"Basi niandike."

Ambulansi ikatupeleka Nyeri sote wawili, ambako Baba alikuwa akingoja na mkono wa shati umeshakunjwa. Alitoa damu, ikaingia kwa mama yake. Tukawekewa vitanda jirani, na kwenye ubao wa kila kitanda Nyawira, mpaka wauguzi wakaanza kutuita Mkubwa na Mdogo. Nyuki wangu waliondoka baada ya siku mbili. Wake walichelewa, wakapungua mmoja mmoja. Siku ambayo hakusikia hata mmoja alinipigia kelele kunitangazia, wodi nzima ikajua.

Kabla ya hapo ndipo ilipotokea habari ya uji. Walituletea mabakuli mawili, Cucu akalisukuma lake kwangu, mkono bado dhaifu. "Kunywa na huu. Ukishiba wewe..."

"Cucu," nikamkatiza, "kila Nyawira ana tumbo lake."

Akanitazama. Nilidhani nimemkosea adabu. Lakini mabega yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, kile kicheko chake cha fizi tupu nilichokuwa sijakisikia tangu baridi ianze. Akavuta bakuli, akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo. Kisha akainama upande wangu, akasema kwa sauti ndogo, Mama asisikie:

"Ile siku ya chanjo. Mkono wangu haukuuma."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikudanganya. Nisamehe."

Nimeombwa msamaha na watu wengi tangu siku hiyo, wengine kwa mambo makubwa. Ule ndio ninaouweka juu.

Tulirudi nyumbani tukamkuta mzee Wahome getini na kibuyu cha asali. "Nyuki wangu wanaomba radhi," akasema, na Cucu akaipokea asali lakini habari ya mpaka akakataa kuisahau. Magoti yaliendelea kumuuma, maana magoti ya mzee ni magoti ya mzee. Alipewa dawa nyingine ya kutumia baada ya chakula, na siku ya kliniki alikwenda kwa miguu yake, akarudi kwa miguu yake, akitaka kila mtu aone hajabebwa. Dukani kwa Baba Wachira alisimama mbele ya wateja, akamweleza habari yote, pamoja na ya kutapika, bila kufupisha. Kutoka hapo Baba Wachira akawa na maswali. Ni ya nani? Amekula? Ameimeza siku ngapi? Watu walilalamika ati siku hizi kununua dawa ya kichwa ni kama kuhojiwa na chifu. Aliendelea kuuliza tu.

Cucu aliishi mpaka akanioza, mpaka akambeba mtoto wangu wa kwanza. Alipokwenda, alikwenda mzee, ameshiba uji na siku zake. Niliposimama kaburini nilijikuta nimepenyeza vidole ndani ya mkono wa sweta, nikiibana mikono yangu huku na huku, kama siku ile kwenye nyasi za mbuzi. Ilikuwepo yote. Nikalia vizuri, kama mtu anayemlilia mwenzake.

Basi, pale kwenye chama, nilifungua kiganja changu nikamrudishia Mama Kiragu tembe zake. Akanuna kidogo.

"Ati sasa dawa yangu haifai?"

"Umekula nini leo, Mama Kiragu?"

"Chai. Nitakula nikifika."

"Na masikio yako?"

"Masikio yamefanya nini?" Akalikuna moja. "Yananivumia tu siku hizi. Ni hii baridi."

Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitalini, sisi watatu kwenye benchi. Mama Kiragu alikuja kwa matusi, lakini alikuja, na daktari alimwona kwanza, akatoka huko mpole, na karatasi ya kupimwa damu mkononi. Mjukuu wangu alikuwa katikati yetu akichezesha miguu. Msichana wa kwanza wa mwanangu, kwa hiyo jina lake mnalijua.

"Nyawira!" karani akaita.

Mtoto akaruka chini, akaanza kwenda. Nikamshika begani, nikamrudisha kwenye benchi karibu na Mama Kiragu, nikajiinua juu ya goti langu.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Hii ni yangu."